Kava Bila Simu

Juzi, kwenye kaunta ya duka la simu Kondele, mhudumu alitangaza tena kwamba simu mpya ya kampuni yao imechelewa.

"Imekwama bandarini," mzee mmoja akasema.

"Wapi! Wanataka zile za zamani ziishe kwanza," akabisha mwendesha boda boda.

Mama mmoja, muuza dagaa aina ya omena kutoka Usenge, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, hakubishana. Alitoa kwenye mkoba kava ya simu hiyo, aliyokwisha kuinunua, akaifuta kwa leso, akaiweka sikioni ikiwa tupu. Akafumba macho.

"Mama, unasikia nini?" nikamuuliza.

"Mawimbi ya kwetu. Nyamazeni, mtanikatia laini."

Tukanyamaza. Simu yangu nzima haijawahi kushika mtandao mzuri hivyo.