Kazi ya Nyumbani ya Mwalimu Mwamini

Alinikuta gatini Nyamisati nikipakia mafuta ya kula na sukari kwenye boti yangu, akauliza nauli. Nikamtajia. Akasema, "Mama, mimi ni mwanafunzi wa ualimu, siendi kununua kaa." Nikamjibu injini haijui tofauti. Akavua viatu, akanyanyua ndoo ya mafuta akaipakia bila kuombwa, kisha nyingine, halafu akauliza tena nauli. Nikajua nimepata mtu wa kuzungumza naye.

Jina lake Mwamini, kwao Utete. Alikuwa anasomea historia, na chuo kilimpangia sekondari yetu, huku visiwani upande wa Mbwera, kwa mazoezi ya kufundisha. Wenzake waliopangiwa huku delta walilialia mpaka wakahamishiwa shule za barabarani. Yeye alikuja. Kabla hatujashuka tulikuwa tumeshaafikiana: atakaa chumba cha uani bure, chakula juu yangu, naye atamfundisha binti yangu Swaumu historia kila jioni mpaka mtihani wa kidato cha nne. Akaongeza sharti la taa ya kusomea. Mimi nikaongeza jiografia.

"Jiografia siiwezi sana, mama."

"Utaiweza."

Nilimuuliza kwa nini mtu mwenye akili zake asome historia, na serikali inalilia walimu wa fizikia. Akasema, "Nikiwa darasa la sita nilimuuliza bibi babu yake alitokea wapi. Akanizaba kibao. Nikataka kujua kile kibao kilikuwa cha nini." Nilicheka, nikaenda kulala.

Kazi aliijua. Asubuhi alisimama uani akawafundisha kuku wangu somo zima kabla ya kulipeleka darasani. Mkufunzi wa chuo angekuja kumkagua mara moja tu. Akifukuzwa kabla ya hapo, mazoezi yanafutwa, anarudia mwaka unaofuata kwa jasho la baba yake mkulima. Hilo alinieleza mwenyewe, na nilimwona lilivyomnyima usingizi.

Sasa, siku chache kabla ya mkufunzi kuja, akawapa watoto kazi ya nyumbani: waulizeni wazee ukoo wenu ulifikaje hapa, na shamba lenu la mpunga nani alilifyeka kwanza.

Mgeni haoni kosa hapo. Sisi tunaliona. Kijiji chetu kina koo zilizokuja kwa miguu yao na koo zilizoletwa zimenunuliwa, ziwalimie wengine. Kila mtu mzima anajua nani ni nani, na hakuna anayetamka. Tunasali safu moja, tunazikana. Ila kwenye harusi za kina Abdala, kina Gharibu ndio wanaochinja, wanaopika na wanaokula mwisho, na mpunga wa Gharibu ulikuwa unauzwa kwa mkono wa Abdala. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo ilivyo.

Kesho yake mjukuu wa Abdala akasimama darasani akasoma majibu yake kwa sauti: babu yao mkubwa alimnunua kule Kilwa babu wa kina Gharibu, akampa panga, yule mtu akafyeka shamba lote. Mjukuu wa kike wa Gharibu akamrukia akamchana uso kwa kucha.

Adhuhuri Gharibu alikuwa uani kwangu. Ni mtu mpole, sijapata kumsikia akipaza sauti.

"Mama Swaumu, mtoe huyo mwalimu wako."

Mwamini akatoka. "Shikamoo, baba."

"Siitikii. Nina wajukuu wanaochumbiwa mimi. Umenivua nguo mbele ya watoto ili iweje? Upate maksi?"

"Sikukusudia, baba. Nilidhani watakuja na habari za kukimbia mafuriko."

"Ulidhani. Chuo kizima hakuna aliyekuambia?"

"Hakuna. Vitabuni watumwa wanapanda meli wanaondoka. Hawabaki wakalima."

Gharibu akageuka, akaenda zake.

Nilimkasirikia yule binti. Mkataba wangu na yeye ulikuwa kufundisha, si kunigombanisha na watu ninaonunua mpunga wao. Lakini hasira kubwa niliiweka kwa Abdulhalim, mkuu wa shule, aliyelisaini andalio lile la somo bila kulisoma, na sasa akaitisha mkutano wa wazazi kama vile habari ameisikia redioni.

Kabla ya mkutano Abdala alikuja na sharti lake, la sivyo mwalimu afukuzwe: Mwamini aseme mbele ya wote kwamba majibu ya mtoto ni uongo, mambo hayo hapa hayajapata kuwapo. Msidhani alimwonea huruma Gharibu. Alikuwa analilinda shamba: kwetu aliyefyeka kwanza ndiye mwenyewe.

Nikamvuta Mwamini pembeni. "Yaseme hayo maneno. Mkufunzi aje, upite, Swaumu afanye mtihani wake."

"Nitaomba radhi kwa kuwatuma watoto. Kusema hayakuwapo, hapana."

"Hata ukipoteza mwaka?"

"Mama, wewe ungeuza mchele wenye mchanga?"

"Mnunuzi asipoangalia, ndiyo."

Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu kwa hasira.

Mkutanoni alimwendea Gharibu, akapiga magoti, akamwomba radhi. Kisha akakaa.

"Endelea," akasema Abdulhalim.

"Nimemaliza, mwalimu."

Minong'ono ikaanza. Abdala akasimama, kanzu safi, sauti ya mtu anayegawa sadaka. "Tusiyakuze. Hawa ni ndugu zetu. Hayo ya zamani tulishawasamehe."

Gharibu akainua kichwa. "Mlitusamehe nini?"

Abdala akatengeneza kanzu.

"Nauliza, Abdala. Tuliwakosea nini?"

Abdala akamgeukia Abdulhalim, kana kwamba jibu liko kwake. Gharibu akasema mpunga wake msimu huu atauuza mwenyewe, akatoka, na wanawe na wake zao wakatoka nyuma yake.

Asubuhi Abdulhalim alikuwa anaandika barua kwenda chuoni kwamba Mwamini anahatarisha amani. Nikaingia ofisini bila hodi.

"Kazi ile uliipitisha wewe," nikamwambia. "Ipeleke barua hiyo, na mimi nitapanda boti yangu mpaka chuoni nikaseme nani aliipitisha."

"Mama Swaumu, hayakuhusu haya."

"Mwalimu wa binti yangu ananihusu. Sema bei yako."

Tulivutana mpaka adhuhuri. Nilitaka abaki, nikakosa. Nilichokipata ni barua nyingine: ahamishiwe Kibiti, aanze mazoezi upya mwaka huohuo, wenzake wakiwa likizo. Nilimvusha mwenyewe. Nauli sikumtoza, wala hakunishukuru.

Alipita. Sasa anajitolea shule moja huko Kibiti, anangoja ajira isiyokuja, na akinipigia simu bado amenuna kwa kule kuhamishwa. Swaumu alimalizia kufundishwa naye kwa simu. Historia kafaulu vizuri, jiografia kaangusha. Abdala hajaniuzia hata gunia moja tangu mkutano ule, na kwenye harusi ya bintiye alikodi wapishi kutoka Kibiti, pilau ikaungua.

Gharibu alikuja baada ya mavuno, mtumbwi umejaa. Akataja bei juu ya ile ya Abdala.

"Hiyo hailipi mtu, Gharibu. Nimekuwa upande wako."

"Upande wangu ulikuwa kwa ajili ya mtihani wa mwanao," akasema, akashika pondo, akausukuma mtumbwi majini.

Nilimtukana kimoyomoyo. Kisha nikamwita arudi, nikamlipa.