Nilitengeneza index mpya ya mashine ya zamani ya redio, baba mkwe akatoka na megafoni

Wakuu, salamu toka mji wa Baraka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na chumvi siongezi, maana yalivyo tu yanatosha kuniaibisha.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye redio ndogo ya hapa mjini. Hilo jina la fundi nilijipa mwenyewe.

Kompyuta ya studio iko na mfumo wa CentOS, wa kizee. Kila kitu kinapita humo, muziki, matangazo, hata mikrofoni. Ikinyamaza, redio imenyamaza.

Intaneti yetu ni ya kubembeleza, kwa hiyo package, yaani mafaili ya kuingizia programu, tunazitunza kwenye hard disk moja. Inapanda pikipiki mpaka Uvira, inajazwa, inarudi. Ndani kuna package na index, yaani orodha ambayo mashine inasoma ijue nini iko wapi.

Sasa, harusi yangu ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi mchungaji akapata msiba, ikabidi isogezwe wiki moja. Baba wa mchumba wangu akanipigia:

"Mukwe, we njo uko ku radio. Tangaza saa sita, bandugu ba Lweba basikuye bure."

Wangekuja na masufuria na mbuzi, wakuu, tungewaweka wapi? Simu nyingi za kule huwa zimezima, ila redio wanasikiliza.

Mtu mwenye akili angesoma tangazo akamaliza. Mimi nikataka sauti yangu iwe na muziki mtamu chini yake! Bwana harusi!

Programu ya zamani ya kutangazia haikuweza hilo. Disk ilikuwa imerudi na programu nyingine ya toleo lile lile la CentOS. Basi nikaondoa ya zamani kwanza. Halafu nikatengeneza index upya kwa laptop yangu mpya, na index ya zamani nikaifuta. Eti usafi.

Nikachomeka disk studio. yum, ile inayosoma index na kuingiza programu, ikagoma.

Nikarudia, ikagoma tena. Saa sita ikapita, redio kimya.

Nikalaumu vumbi la barabara ya Makobola. Nikalaumu mwenye pikipiki. Nikapuliza tundu la USB kama mtu anayewasha makaa. Nikampigia ndugu yangu wa Uvira nikamfokea kwamba amenijazia package mbovu, masikini, hana kosa hata moja.

Ndipo nikasikia sauti nje.

Baba mkwe, juu ya pikipiki, na megafoni:

"Bandugu! Ndoa ya mutoto wangu haiko tena Jumamosi hii, iko Jumamosi ingine! Radio haisemi, mukwe wangu angali anaitengeneza!"

Akapita mbele ya dirisha la studio, akanipungia mkono, akashika njia ya Lweba.

Nilitamani ardhi inimeze, kweli.

Kwa aibu hiyo nikasoma error mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Faili za index yangu ziliishia na .zst. Kwenye cache, pale mashine inapotunza nakala za index ilizowahi kusoma, za zamani zote .gz. Kumbe createrepo_c, programu ya kutengeneza index, kwenye laptop mpya inabana index kwa njia mpya ya zstd, na yum ya kizee haijui kuifungua! Package zenyewe zilikuwa nzima kabisa.

Nikaitengeneza index tena na --general-compress-type=gz. Programu ikaingia bila kelele.

Jioni nikatangaza, muziki chini, sauti tamu. Mji mzima ulishajua.

Jumamosi ile ya kwanza hakuja mgeni hata mmoja. Namshukuru Mungu, na ile megafoni.

Nilichojifunza: index itengeneze kwa namna ambayo mashine yako ya zamani inaelewa, na usifute kinachofanya kazi kabla kipya hakijasomwa. Wenye mashine za kizee mnafanyaje? Semeni, hata matusi napokea.

Nimeshaoa sasa. Jana mezani nikasema kesho nafanya update studio. Baba mkwe akaweka kijiko chini, akamwita mke wake:

"Mama, leta megafoni, tuitie ku courant, ijae umeme ya kesho."