Lena hakupiga hodi leo

Jamani, leo mama kamfokea mgeni wetu!

Lena katoka Ujerumani, anasoma hapa Zinga, anaishi kwetu. Kila akirudi kutoka shule husimama mlangoni: "Hodi?" Mama humwambia, hapa ni kwenu. Wapi!

Leo kaingia kimya hadi jikoni, kafunua wali wa nazi. Mvuke ukapanda taratibu, nyumba nzima ikanukia, kama tuko ndotoni.

"Wewe Lena! Funika, wali haujaiva!"

Tukaganda. Mgeni hafokewi. Mama mwenyewe kashika mdomo.

Lena akatabasamu.

"Mama, umenigombeza kama unavyomgombeza Zuhura."

Zuhura ndio mimi.

Jumamosi anarudi kwao. Mliowahi kuishi na mgeni, hivi huwa mnaagana vipi?

Mama anasema akija tena akapiga hodi, hamfungulii.