Hotuba ya Matangani

Enzi zetu kule Nachingwea, mtoto hakukua na redio sikioni kama vijana wa leo. Tulicheza mdako mpaka vidole vikachubuka, tukatafuna mihogo mikavu njiani kwenda shule ya masista, na hotuba tulizisikia kwa nadra. Mimi nakumbuka mbili tu, na nikiikumbuka ya pili damu hunichemka mpaka leo.

Ya kwanza ilikuwa ya darasani. Mwalimu Anselma alitusimulia mchezo wa kale wa huzuni: mtawala kauawa, na rafiki yake anahutubia umati mbele ya maiti. Tulilaza gunia la mtama likawa maiti, sisi tukawa umati. Rafiki huyo, kwa kinywa cha Mwalimu, aliapa kwamba hakuja kumchochea mtu. Akaonyesha vazi la marehemu, akauliza maswali yenye jibu moja tu, na kabla hatujajijua tulikuwa tunapiga kelele za kisasi. Mwalimu akacheka. "Mtu akikwambia hakuja kwa jambo fulani," alisema, "jua ndilo lililomleta."

Mwaka uleule babu akafariki. Alikuwa na shamba zuri la mtama na ufuta, jirani na pori lililokuwa likifyekwa kwa matrekta ili kupata mashamba makubwa ya karanga. Kabla hajafa, wakubwa wa mradi huo wa karanga walilitaka shamba lake, akakataa mara tatu. Siku ya tatu ya matanga akaja karani wa serikali, kanzu nyeupe, machozi tayari.

"Sikuja kusema habari za shamba," alianza. "Nimekuja kulia nanyi." Akaomba jembe la babu, akalipakata. "Mzee huyu alitaka wajukuu zake washibe, au naongopa?"

"Alitaka," watu wakaitikia.

"Basi aliyempenda mzee anyooshe mkono."

Mikono ikapanda. Akasema vizuri, sote tumekubali kutimiza nia ya marehemu: shamba liingie kwenye mradi, lilishe wengi.

Hakuna aliyepinga. Kwetu, anayemsifu marehemu matangani habishiwi. Ukimbishia umemtukana maiti. Mshenzi yule alilijua hilo, ndiyo maana hakuja siku nyingine. Nami hila zake nilishazitambua zote. Nikamnong'oneza bibi, "Huyu anatudanganya."

Bibi akanifinya paja. "Nyamaza. Mgeni wa msiba habishiwi."

Nikanyamaza. Mkono wangu nao ulikuwa juu.

Matrekta yalifika kabla ya arobaini. Karanga zenyewe hazikufika mbali, mradi ukafa, shamba halikurudi. Bibi alikufa akilima kibarua katika mashamba ya watu.

Siku hizi wajukuu zangu wanarudi kutoka mikutano ya siasa sauti zimewakauka, fulana mpya kifuani. "Bibi, yule jamaa anaongea, we acha tu." Nawauliza kasema nini, wanatazamana. Hasira hunipanda, natamani kuwachapa viboko wote. Halafu nakumbuka kwamba wao wananyoosha mikono bila kujua. Mimi nilijua.