Kikohozi cha Mtani Wangu

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, na baridi ya Morogoro alikuwa haijui. Ukungu ulipoanza kushuka kutoka Uluguru, yeye alivaa kanzu mbili na koti juu yake, kisha akatuonya sisi watoto wa milimani, tuliokuja vifua wazi, tujihadhari na mafua. Hatukucheka mbele yake. Ilikuwa shule ya Serikali, zamani za Mdachi, na hamsa wa ishirini ya viboko haikuwa hadithi.

Lakini sababu alikuwa nayo. Kipupwe cha mwaka uliotangulia, mafua yalitembea kutoka benchi la mbele hadi la nyuma, shule ikafungwa. Safari hii Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, angekuja mwisho wa baridi kuchagua mwanafunzi mmoja wa kupelekwa Tanga kusomea ukarani. Mimi ukarani ule niliutaka kuliko chakula.

Basi mwalimu akaondoa mtungi na kata tuliyonywea wote. Kila mtu aje na kibuyu chake, na anayekohoa arudi kwao mpaka apone. Amri nzuri, ila mwalimu hakuzijua koo zetu. Kando yangu alikaa mwenzangu ambaye ukoo wake na wangu ni watani, na mtani hukunyang'anya tonge mkononi ukabaki kucheka. Kila siku alikunywa kibuyu changu, akafuta mdomo, akasema maji ya ukoo wetu yana ladha ya uvivu. Nami nilikinywa chake. Darasa zima lilikuwa na watani wake, na kila kibuyu kilipita midomo mitatu.

Mwalimu alichapa mpaka mkono ukamchoka. Ndipo akaniita.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Kwetu mtani hanyimwi."

"Marahaba. Na akikusema, unamsikia?"

"Nisipomsikia atanisema mpaka kwa wakwe zangu, na wakwe sijapata bado."

Kesho yake kiboko kilitundikwa ukutani. Kila mtu akapewa mtani wake amchunge: asinywe cha mwenzake, asikohoe bila kuziba mdomo, na akikosea asemwe mbele ya wote. Jambo lililoshindwa na fimbo likawezwa na midomo. Mmoja alipiga chafya hewani, akaambiwa pua yake ni mto Ngerengere wakati wa masika. Tangu siku hiyo alitembea na kitambaa kama bibi harusi. Mafua yakakosa pa kupita.

Wiki ya kuja Bwana Shauri, nilimwona mtani wangu akimeza kikohozi. Macho yalimjaa machozi, shingo imemsimama. Kwa hesabu alinipita mbali. Darasa zima lilijua, na mimi nililijua hilo kabla yao. Ningeweza kumnong'oneza aende mwenyewe kwa mwalimu. Nikasimama.

"Mwalimu, mtani wangu amemeza chura, sasa anamlilia tumboni."

Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, maana mtani hakasiriki, na kile kicheko kikakifungulia kikohozi. Kilitoka kirefu, hakikuzuilika tena. Alichukua kibao chake na kibuyu chake, akapanda mlima kwao.

Hakuna mwingine aliyeugua. Bwana Shauri alikuja, akatusomesha, akatupa hesabu, akanichagua mimi. Watu wengi nimewaambia kwamba nilitimiza amri ya mwalimu, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilifurahi kabla mwenzangu hajafika mlangoni, na ninaona haya mpaka leo.

Siku ya safari yangu alishuka kuja kuniaga stesheni, amepona, amekonda kidogo. Alininyang'anya kibuyu mkononi, akanywa taratibu huku akinitazama, akafuta mdomo.

"Maji ya karani," akasema, "bado yana ladha ya uvivu."

Kisha akakohoa kidogo, kwa makusudi, juu ya mdomo wa kibuyu, akanirudishia. Tukacheka wote wawili, mimi zaidi yake.

Garimoshi lilipokwisha kuuacha mji, kiu ikanishika. Nilikitazama kile kibuyu kwa muda, kisha nikanywa bila kukifuta.