Kunde za Milembe

Wifi yangu Milembe hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa chakula cha mtoto alikuwa msumbufu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Alizaliwa kule Mwanhuzi kwenye ng'ombe, ambako watoto hunywa maziwa mpaka wakayachoka. Kaka yangu Ngassa akamleta kwetu nje ya Bariadi, kwenye pamba. Huku msimu wa palizi ukianza mama anaamkia shambani, anarudi jua limezama, na mtoto anashinda na ugali wa jana na chumvi. Ndivyo alivyomzika mwanawe wa kwanza, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya udongo.

Alipoona Shida, wa pili, naye anaanza kuvimba, alimbeba mpaka kliniki. Nesi akamwambia ampe majani ya kunde, karanga, na maziwa akipata. Wengine tungeitikia "sawa" tukarudi kwenye jembe. Milembe alipanda kunde katikati ya mistari ya pamba.

"Wifi, si ndiko tunakoshinda?" aliniambia. "Nikipalilia nachuma. Jioni natwanga karanga tu, mboga tayari."

Bakuli la kwanza lilikuwa la Shida, hata Ngassa anune namna gani. Mtoto akanyooka, akaanza kukimbiza ndama. Wanawake wakaja kuomba mbegu, akawapa wote. Tukamtania kwa kumwita Mama Kunde, naye akawa anaitika.

Bwana shamba wetu, Method, hakupenda kunde ndani ya pamba, lakini naye alikuwa na watoto, akafumba macho. Aliweka sharti moja tu. Chama cha ushirika kikishaleta dawa ya wadudu na bomba lake, kila shamba lililopulizwa liwekwe kijiti chenye kitambaa chekundu, na mpaka yeye mwenyewe akitoe, hakuna kugusa jani. Tulizoea. Huna haja ya kuuliza mtu, unatazama kijiti.

Kisha likaja hilo soko huria, kila mtu na abebe msalaba wake. Redio ilisifu, na kweli wanunuzi wa pamba walikuja wengi. Lakini chama kilifungwa, bomba likapotea pamoja na mlango wa ghala, Method akapunguzwa kazini akarudi kwao. Dawa ikawa inauzwa mnadani kwenye chupa za soda. Ukimuuliza muuzaji ni dawa gani, anakujibu, "Inaua."

Mwaka ule viwavi waliivamia pamba vibaya. Ngassa ni kaka yangu wa tumbo moja na sitamtetea. Alinunua chupa, na asubuhi Milembe alipokwenda kisimani, akachovya ufagio kwenye ndoo akanyunyizia shamba lote. Halafu akadandia lori kwenda Malampaka kwenye shughuli zake. Kijiti hakuweka. Nilikuja kumuuliza kwa nini.

"Kile kilikuwa kitambaa cha Method," alinijibu.

Hasira niliyopata siku ile ninayo mpaka leo.

Milembe alipoingia shambani mchana alitazama kijiti, kama tulivyofundishwa. Hakuna. Dawa ya chama ilikuwa inanuka hadi barabarani, hii haikunuka kitu. Alichuma, akaosha, akatwanga karanga. Jioni akampakulia Shida kwanza, akarudi jikoni kutusongea ugali sisi wakubwa. Kabla ugali haujaiva mtoto alianza kutokwa na mate, akatapika, mwili ukamtetemeka. Tulimfunga mgongoni kwangu, jirani yetu Marcelo akanipakia kwenye baiskeli, tukaelekea mjini. Njiani nilihisi mgongoni hatetemeki tena. Nikanyamaza, ili Marcelo asiache kukanyaga.

Msibani Milembe alikaa mkekani. Wanawake walipika kwa zamu, kama desturi yetu. Eufrasia, shoga yake, akamletea ugali na mboga ya kunde iliyoungwa karanga.

"Kula, mayu, kula mama. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Umechuma wapi?"

"Shambani kwetu, kwenye pamba."

"Mmepuliza?"

Eufrasia alimgeukia mumewe, Selestini, aliyekuwa amekaa na wanaume. Yule bwana akaanza kukumbuka, mara juzi, mara wiki iliyopita, mara ni shamba la chini.

Uani watoto walikuwa wameshazunguka sinia. Walipakuliwa kwanza, maana ndivyo Milembe alivyotuzoesha. Alitoka pale mkekani mbio, akapindua sinia kwa mguu, akawatia vidole mdomoni mmoja mmoja kuwatoa matonge. Watoto wakalia, wazazi wao wamesimama wanatazama.

Mchana ule tuliwapa ugali na chumvi.