Bunduki Tupu Niliyoificha Chini ya Ndizi

Nakumbuka asubuhi moja pale Wenje, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye lori moja tu. Leo ninayo matatu, na darasa la nne sikulimaliza. Waliosoma ndio wananiomba lifti. Nilikuwa napakia ndizi za kupeleka Garsen, mara akaja mke wa Komora, askari wa akiba wa kijiji chetu, amebeba mkeka uliofungwa kwa kamba.

"Shemeji, mpelekee mwenzio. Amelazwa Garsen, na kituoni wanataka bunduki yake leo leo. Amepiga simu, kasema nikupe wewe."

"Ina risasi?"

"Hata moja! Alizitoa mwenyewe."

Sisi watu wa mtoni, dereva hupewa kila kitu: dawa, uji wa mgonjwa, hata kuku. Nikaona bunduki isiyo na risasi ni chuma tu, kama jembe. Nikaisukuma chini ya mikungu.

Mjomba wangu, Mzee Hiribae, alikuwa keshakaa mbele. Huyo alikuwa haamini mtu. Hata chai ya kwa dadake huinusa kwanza. Akashuka, akauvuta mkeka, akaupapasa.

"Wewe tajiri wa lori moja, hii nini?"

"Haina kitu ndani, mjomba."

"Umechungulia? Komora ana ndugu wawili hapa hapa. Mbona hakuwapa wao? Na polisi wakikusimamisha, wataulizia risasi kwanza, au kibali chenye jina lako?"

Nilikasirika, maana nilijiona mjanja kuliko kijiji kizima. Hata hivyo mkeka nikamrudishia mke wa Komora, nikamwambia chifu, naye akaita polisi waje waichukue bunduki wenyewe, nasi tukaondoka.

Kufika kizuizi cha polisi pale Minjila, magari mengine yalipungiwa mkono yapite. Langu likawekwa kando. Wakashusha mikungu mmoja mmoja, mpaka sakafu ya lori ikaonekana.

"Wenje wamekupa mzigo gani?" afande akaniuliza.

"Ndizi tu, afande."

Akaikagua sakafu tena, kisha akaniambia nipakie niende. Hatia sikuwa nayo, mwanangu. Ningekuwa nao ule mkeka, lori lingechukuliwa na mimi ningelala rumande.

Nani aliwaambia nimebeba kitu? Si chifu, maana yeye alijua bunduki imebaki kijijini. Mpaka leo sijui. Komora alipopona nilimuuliza, akacheka. Mimi sikucheka.

Basi nikuambie wazi. Sheria haijali bunduki imejaa au ni tupu. Mwenye kibali aibebe mwenyewe, risasi ametoa, karatasi anayo mfukoni. Isiyo na jina lako usiiguse, hata ikiwa ya baba mkwe. Iache ilipo, ita polisi. Na mzigo uliofungwa, aliyeuleta aufungue wewe ukiona. Akinuna kwa kuulizwa, huyo mwogope zaidi.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akuepushe na mizigo ya wasiokutakia mema, na kila safari akurudishe salama kwa wanao. Amina.